Chuma cha Shoka Kilichozama
Somo: 2 Wafalme 6:1-7

Kila mkulima aijua siku ambayo kazi yakataa. Mvua imenyesha, mbegu zi tayari, na jembe lachomoka katika mpini. Akiisha kulikaza, shoka nalo lalegea. Jua lafika utosini, na shamba halijalimwa hata nusu. Siku kama hiyo ilimpata mmoja wa wana wa manabii kando ya mto Yordani. Alipokuwa akikata boriti ya nyumba yao, chuma cha shoka kikachomoka, kikazama majini. Naye akalia, kwa maana shoka lile aliliazima. Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza: Mtu yule hakuficha. Angaliweza kuurudisha mpini usiku na kunyamaza, lakini alisema mara moja kwamba mali ya mwenziwe imepotea. Torati yaagiza kwamba mtu akiazima mnyama, naye akaumia au akafa mwenyewe asipokuwapo, sharti alipe (Kutoka 22:14). Amri ya Saba nayo yatutaka tuilinde mali ya jirani. Lakini wako warudishao jembe lililopasuka, wakaliegemeza mlangoni kabla ya mapambazuko, wasiseme neno. Hata majirani wawili hawasalimiani, na Jumapili wote wawili waikaribia Meza ya Bwana. Jembe ni dogo; ugomvi wake si mdogo.

Pili: Mungu hadharau chombo cha kazi. Katika sura ya tano Elisha alitumiwa kwa ajili ya Naamani, jemadari wa Shamu. Katika sura hii ahangaikia chuma cha mtu asiyetajwa hata jina. Ndiyo maana Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza mkate wa kila siku alihesabu pia shamba, mifugo na majirani wema. Basi tusione haya kuomba kwa ajili ya jembe.

Tatu: Chuma kilipoelea, mtu yule aliambiwa akiokote, naye akanyosha mkono. Msaada wa Mungu hauondoi kazi yetu. Mti hukauka na kusinyaa wakati wa kiangazi, na mpini hulegea. Kuulowesha majini kwafaa kwa muda tu. Kabari yafaa zaidi. Tena chuma kilicholegea chaweza kuruka na kumwua mwenzio, kama tuonywavyo katika Kumbukumbu la Torati 19:5. Na chuma butu chataka nguvu nyingi (Mhubiri 10:10). Kwa hiyo yatupasa kuvikagua vyombo jioni, kabla ya siku ya kazi.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Je, nyumbani mwako kuna chombo cha kuazima ambacho hujakirudisha, au ulikirudisha kimeharibika?
2. Siku kazi inapokataa, watoto wako na ng'ombe wako wasikia maneno gani kinywani mwako?
3. Jirani akija kuungama kwamba amevunja jembe lako, utampokeaje?

Aliye na jambo na mwenziwe asingoje Jumapili. Aende leo, kabla jua halijatua.