Mvua Kubwa: Nani Hufunga Chuo, na Kufungwa Maana Yake Ni Nini?

Mvua inaponyesha usiku kucha na mto ukaanza kupanda, swali la kwanza nyumbani huwa moja: je, watoto waende shule kesho? Kwa mzazi mwenye kijana chuo kikuu swali hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa kijana mwenyewe hayuko nyumbani. Yuko bwenini, au katika chumba cha kupanga nje ya bewa, na huenda kati yake na darasa pana kijito ambacho juzi kilikuwa kikavu.

Wakazi wengi hudhani serikali ya kaunti ndiyo hufunga chuo. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu vilibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Chuo kikuu nacho kina uongozi wake: Naibu Chansela ndiye msimamizi mkuu, na kwa desturi tangazo la kusimamisha masomo hutoka baada ya Seneti kukutana. Hata hivyo, usifikiri kaunti haina lolote la kufanya. Barabara za kaunti, zimamoto na kukabiliana na majanga vimo katika orodha yetu. Kwa hivyo chuo ndicho huamua kufunga, lakini taarifa kwamba daraja limefunikwa na maji lazima itoke huku kwetu, tena mapema.

Mwaka 2024 ulitufundisha jinsi saa zinavyohesabika. Muhula wa pili wa shule za msingi na sekondari ulikuwa uanze Jumatatu, Aprili 29. Tangazo la kuahirisha kwa wiki moja lilitoka saa chache tu kabla ya siku hiyo, wakati wanafunzi wa mabweni walikuwa wameshafunga masanduku na wengine wako njiani. Alfajiri ya siku hiyo hiyo, maji yalishuka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba na watu zaidi ya 40 wakafariki. Mnamo Mei 3 Rais aliahirisha ufunguzi bila kutaja tarehe, na pwani ikiwa imeonywa kuhusu Kimbunga Hidaya. Shule zilifunguliwa Mei 13. Uamuzi wa kuahirisha ulikuwa sahihi. Kilichowasumbua wazazi ni saa uliotolewa.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, kufunga. Chuo kinaweza kusimamisha masomo tu: madarasa hayafanyiki, lakini mabweni, zahanati na jiko viko wazi. Kinaweza kufunga bewa moja na kuacha mengine, kwani chuo chenye matawi katika kaunti tatu hakinyeshewi mvua moja. Au kinaweza kuwaambia wanafunzi wote waondoke. Hili la tatu ndilo tulilozoea kulisikia wakati wa migomo: kila mtu awe ametoka kufikia saa fulani. Katika migomo huenda lina sababu zake. Katika mafuriko ni hatari kubwa. Kumtoa kijana kwenye bweni la ghorofa lililo mlimani, umpeleke stendi ya matatu jioni mvua ikinyesha, avuke mito mitatu hadi kwao, ni kumtoa penye usalama na kumpeleka kwenye maji. Bweni likiwa salama, libaki wazi. Likiwa bondeni na maji yanaingia, wahamishiwe ukumbini au kwenye madarasa ya juu, wasipelekwe barabarani.

Tunasema hivi kwa sababu vifo vingi vya mafuriko hutokea njiani. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, Mwingi, Kaunti ya Kitui. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Zaidi ya 30 walikufa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, chini ya nusu ya goti la mtu mzima, yanaweza kumwangusha. Yakifika sentimita 60 huweza kubeba magari mengi. Na maji ya mafuriko ni ya udongo, huwezi kujua kama lami ingali chini yake.

Kwa hivyo chuo kinachojipanga vizuri hakingoji asubuhi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na wa siku saba, na hutoa onyo maalumu mvua kubwa inapotarajiwa. Utasikia maneno kama “zaidi ya milimita 20 katika saa 24”. Wengi hupuuza kwa sababu milimita ni kitu kidogo. Hebu hesabu: milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Bati la nyumba ya mita 10 kwa 6 litapokea lita 1,200 kwa siku hiyo, yaani mitungi 60 ya lita 20. Zidisha kwa mabati yote ya mtaa wenye mtaro mmoja ulioziba kwa karatasi, utaelewa kwa nini vyumba vya kupanga vya bondeni hufurika kwanza. (Wenye nyumba wanaozibua mitaro mwezi wa Aprili wamechelewa, kazi hiyo ni ya Februari.)

Onyo likishatoka, uamuzi unafaa kufanywa jioni, kabla mhadhiri na mwanafunzi wa saa moja asubuhi hawajaanza safari. Tangazo lenyewe liwe na mambo ya kueleweka: bewa gani, kuanzia saa ngapi, mabweni yako wazi au la, mtihani uliopangwa umesogezwa hadi lini, na tangazo jingine litatoka saa ngapi. Tangazo lisilotaja mtihani halisaidii, kwani mwanafunzi anayeogopa kukosa karatasi atavuka mto. Masomo ya mtandaoni husaidia pale umeme na mtandao vipo. Kwa aliyekatikiwa stima siku mbili, chuo kimpe muda bila kumdai barua ya chifu.

Radi nayo isisahaulike. Ukisikia ngurumo, toka uwanjani na chini ya miti, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mzazi, kabla hujampigia mwanao simu kumwambia aje nyumbani mara moja, muulize kwanza alipo pako vipi, na njia ya kuja ina mito mingapi. Ukiona daraja au barabara imefunikwa, mjulishe chifu au ofisi ya wadi, hata kama unadhani wameshajua. Kwa dharura piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199.