Kaka hajaomba radhi, nimsamehe vipi?

Swali: Padre, kaka yangu aliuza kwa siri shamba tuliloachiwa na marehemu baba. Hajaomba radhi hata leo. Kwenye Misa, tukifika "utusamehe makosa yetu", nanyamaza. Nikimsamehe, ndiyo nifute kesi niliyomfungulia barazani?

Jibu: Kesi usiifute kwa sababu hiyo. Kusamehe ni kuacha kisasi na kumtakia mema aliyekukosea. Haki yako ya shamba inabaki palepale.

Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi Mei 13, 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga, Mehmet Ali Ağca, bila kungoja aombwe. Desemba 1983 akamfuata gerezani Rebibbia, Roma, wakaketi wakanong'onezana. Papa alipoondoka, Ağca alibaki ndani. Alitumikia kifungo nchini Italia hadi mwaka 2000.

Na uchungu je? Katekisimu, namba 2843, inakiri kwamba kutohisi kosa au kulisahau hakumo katika uwezo wetu. Basi moyo ukichemka umwonapo kaka, hilo peke yake si dhambi. (Kumsengenya kwa mashangazi ni habari nyingine.) Unachoombwa ni uamuzi, na pengine utaurudia kila asubuhi. Mtaje kwa jina katika sala, hata kama unasali umekunja uso.

Kupatana kunahitaji watu wawili. Asipotaka, usijilaumu.