Basi Likifika kwa Wakati: Usafiri wa Umma na Maisha ya Jamii Mjini

Muulize mkazi wa Kimara kwa nini hajamtembelea shangazi yake wa Mbagala tangu Idi iliyopita. Hatakwambia kwamba wamegombana. Atakwambia foleni, na wewe utamwelewa bila kuongeza swali.

Mazungumzo mengi kuhusu usafiri wa mijini huishia kwenye kilomita, idadi ya magari na bei ya mafuta. Kijitabu hiki kinahusu upande mwingine: nani anaonana na nani, nani anawahi msibani, mtoto wa nani anafika nyumbani kabla ya giza. Kimeandikwa kwa abiria, wazazi, na viongozi wa mitaa wanaotaka kujua waulize nini pale mradi wa usafiri unapoletwa kwao. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, jiji lililoonja usafiri mbovu na usafiri mzuri.

Uhakika kwanza, kasi baadaye

Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Njia nzima ni kama kilomita 21. Safari ya asubuhi iliyokuwa ikila saa mbili au zaidi iliweza kwisha chini ya saa moja, kwa sababu basi lina njia yake na halipangi foleni na magari mengine.

Watu husifu kasi. Kwa maisha ya jamii, uhakika una uzito zaidi. Asiyejua kama leo atatumia dakika arobaini au saa mbili na nusu hupanga maisha yake kwa kufuata siku mbaya kuliko zote: anaamka saa kumi alfajiri, anawaacha watoto wamelala, anarudi wamelala tena. Mtu huyo hachaguliwi kuwa mweka hazina wa vikoba, maana kikao ni saa kumi na moja jioni na hana ahadi ya kutoa. Haendi mazoezi ya kwaya. Kamati ya harusi inamkumbuka kwa mchango tu. Na kwenye msiba wa Waislamu, ambako maiti husitiriwa mapema iwezekanavyo, ndugu anayetoka Gongo la Mboto adhuhuri anaweza kukuta watu wamesharudi kutoka makaburini, wananawa mikono. Undugu wake haujapungua hata kidogo, lakini wafiwa wanahesabu sura walizoziona.

Ndiyo maana basi linalopita kila baada ya dakika kumi, saa zote, lina faida kuliko basi la kasi linalokuja likijisikia.

Wanaoachwa kituoni

Kila mzazi wa jiji hili anaijua hadithi ya mwanafunzi na daladala. Nauli ya mwanafunzi ni sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima, na konda ana hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri. Kwa hiyo denti watatu wakishaingia, wa nne anaambiwa asubiri gari la nyuma, na gari la nyuma nalo lina konda. Si ukatili wa konda mmoja mmoja. Ni mpango wa biashara ambao faida yake inapungua kila mtoto anapopanda. Matokeo yake ni watoto wanaofika nyumbani usiku, na wasichana wanaopewa lifti na watu wasiowajua. Lifti hizo zina gharama ambayo familia nyingi zimeilipa bila kuipangia bajeti.

Pale tiketi inapolipwa getini kabla ya kupanda, dereva hana sababu ya kumbagua mtoto. Badiliko hilo dogo la namna ya kukusanya nauli linalinda watoto kuliko mabango mengi ya maadili.

Vivyo hivyo sakafu. Vituo vya mwendokasi vimeinuliwa ili vilingane na sakafu ya basi. Mwenye kiti cha magurudumu, bibi mwenye magoti mabovu, mjamzito: wote wanaingia bila kubebwa. Ila kituo kilichojaa kupita kiasi kinawaondolea nafasi hiyo, kwa sababu hakuna ngazi ngumu kuliko umati unaosukumana.

Mambo yaliyoharibika

Hatuwezi kusifu bila kusema haya. Mabasi yamekuwa machache kuliko abiria, na asubuhi kumeshuhudiwa watu wakiingilia madirishani. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zilipokuja, maji yalifika yalipolala mabasi na barabara ikafungwa. Bonde lile lilikuwa likifurika tangu zamani. Nayo kodi ya chumba karibu na kituo ina tabia ya kupanda, hivyo fundi na mama lishe waliohitaji basi kuliko wote wanajikuta wakisogezwa mbali nalo.

Huduma ikiyumba, mwenye uwezo ananunua gari. Hapo ndipo jamii inapopoteza kitu kikubwa zaidi ya kiti kimoja: karani wa wizara, mwalimu na mchuuzi wa samaki wa Feri waliokuwa wakisimama kituo kimoja hawana tena kero moja. Aliyekuwa na sauti ya kusikika ameondoka.

Jiji la Medellín nchini Kolombia lilishughulikia suala hili la kuwakutanisha watu kituoni kwa namna ya kuvutia. Mwaka 2004 lilipeleka magari ya kuning'inia kwenye nyaya hadi mitaa maskini ya milimani, kisha likajenga maktaba na viwanja vya umma jirani na vituo, ili hata mtu asiyesafiri awe na sababu ya kufika hapo.

Wapi pa kupeleka hoja

Nchini Tanzania, nauli na leseni za mabasi ya abiria zinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na watumiaji wana baraza lao la ushauri, LATRA CCC, ambalo abiria wengi hawajawahi kulisikia. Ukilalamika, taja namba ya basi, kituo, tarehe na saa. "Mabasi yenu mabaya" haifanyiwi kazi. Maoni ya nauli mpya yanapokusanywa, wazazi waende na suala la wanafunzi, maana wenye magari hawakosi kufika.

Kwenye mkutano wa mtaa, mradi ukitambulishwa, msiishie kuuliza barabara itakuwa na njia ngapi. Ulizeni mabasi mangapi yatanunuliwa, karakana itawekwa wapi, taa za kuelekea kituoni atalipia nani, tiketi moja itamfikisha mama sokoni na kliniki au atalipa mara mbili, na basi la mwisho la kurudi kutoka mjini litaondoka saa ngapi.