Askari wa Kibera na Deni Lisiloandikwa



Somo letu la mara hii ni la tarikh. Tumelichagua kwa kuwa watu wengi wa miji yetu ya pwani, litajwapo jina la Kibera, hawakumbuki ila mabati, matope na umasikini. Wala hawajui kuwa walioijenga Kibera ni ndugu zetu katika dini, na kuwa kisa chao kina mafunzo kwa kila akaaye juu ya ardhi asiyokuwa na hati yake. Tutakieleza kisa hicho, kisha tutakilinganisha na habari za watu weusi wa Marekani, ambao nao walipigana vita vya dola kisha wakarudi kwao kuuliza: haki yetu i wapi?

Asili ya Kibera

Wanubi wa Kenya asili yao ni Sudani. Wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa liwali wa jimbo la kusini ya Sudani chini ya serikali ya Misri. Wafuasi wa Mahdi walipouteka mji wa Khartoum mwaka wa 1885, askari hao wakakatikiwa na njia ya kurudi. Mwaka wa 1891 Frederick Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert, akawaandika katika kazi ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1902 lilipoundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, wao walikuwa miongoni mwa askari wake wa mwanzo.

Waliomaliza utumishi waliwekwa pamoja na jamaa zao katika msitu ulio kando ya Nairobi, nao wakauita kwa lugha yao Kibra, yaani msitu. Mwaka wa 1918 serikali iliitangaza ardhi hiyo, eka 4,197, kuwa chini ya jeshi. Askari aliyetumika miaka 12 alipewa cheti cha kukaa na kulima. Twataka msomaji alizingatie neno hili: kilikuwa cheti cha kukaa, hakikuwa hati ya kumiliki. Askari waliiona ardhi kuwa ni malipo ya damu yao, na serikali katika daftari zake iliwahesabu kuwa ni wakaaji kwa hisani yake, ambao yaweza kuwaondoa itakapo. Lilikuwa deni, lakini deni ambalo mdai hakuwa na karatasi yake.

Vita Viwili na Malipo Yake

Katika vita vya 1914 hata 1918, Keya walipigana na Wajerumani kutoka mipaka ya Kenya mpaka Msumbiji, na maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi hao. Na apitaye Mombasa upande wa Mwembe Tayari huziona sanamu za askari wa vita vile.

Vita vilipokwisha, nani alilipwa? Mwaka wa 1919 serikali ilifanya mpango wa kuwagawia ardhi askari wa kizungu, wakapewa mashamba ya nyanda za juu kwa hati zilizoandikwa. Mnubi alibaki na cheti chake cha kukaa. Vikaja vita vya pili. Keya wakapigana Uhabeshi, wakaenda Madagaska, na mwaka wa 1944 wakapigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Waliporudi waliikuta Kibera ni ile ile, haina hati.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, twangetaraji deni litalipwa. Lakini ardhi ilizidi kupungua: yalijengwa juu yake majumba ya Jamhuri, Ngei, Ayany, Olympic na mengineyo, mpaka mtaa mmoja ukaitwa Fort Jesus kwa jina la ngome yetu. Wakaja na watu wengi wa bara kutafuta kazi, wakapanga vyumba. Hao hatuwalaumu, kwani nao ni masikini watafutao riziki, na wana haki ya kukaa kwa heshima.

Kawangware

Mwendo si mrefu kutoka Kibera kuna Kawangware, upande wa Dagoretti. Mpangaji wa huku na mpangaji wa kule hali zao zashabihiana: chumba cha mabati, maji ya kununua kwa mtungi, na njia za matope wakati wa mvua. Lakini ardhi hazikufanana. Upande wa Dagoretti ulikuwa ndani ya ardhi ya Wakikuyu, na ardhi hiyo ilianza kupimwa na kuandikishwa katika miaka ya 1950. Kwa hivyo viwanja vingi vya Kawangware vina wenyewe wenye hati. Hatusemi kuwa hati zile zilitoka kwa uadilifu mtupu, kwani wakati ule watu wengi walikuwa vizuizini kwa sababu ya Mau Mau, na wako waliopunjwa wakiwa hawapo. Twasema tu kuwa mwenye karatasi akijiwa na mvunja nyumba ana la kumwonyesha, na asiyekuwa nayo hana ila machozi.

Mfano wa Marekani

Katika vita vya kwanza watu weusi wapatao 380,000 walitumika katika jeshi la Marekani. Kikosi cha 369 cha Harlem kilikaa siku 191 katika uwanja wa vita, na Wafaransa wakakipa nishani. Waliporudi, mwaka huo huo wa 1919, watu weusi waliuawa katika ghasia za Chicago, Washington na miji mingine. Katika vita vya pili walitumika zaidi ya milioni moja. Mwezi wa Februari 1946, askari Isaac Woodard, saa chache tu baada ya kuruhusiwa jeshini, alipigwa na polisi wa South Carolina mpaka akapofuka macho yote mawili, naye angali amevaa nguo za jeshi. Na Medgar Evers, aliyepigana Ulaya, alizuiwa kupiga kura kwao Mississippi mwaka huo huo. Huyu ndiye aliyempa mwanawe wa kwanza jina la Kenyatta. Aliuawa mwaka wa 1963.

Basi kumwaga damu peke yake hakukuwapa haki. Waliipata kwa kujipanga na kudai. Mwaka wa 1941 A. Philip Randolph alitishia kuandamana mpaka Washington, na Rais Roosevelt akakataza ubaguzi katika viwanda vya vita. Mwaka wa 1948 Rais Truman aliamuru ubaguzi uondolewe jeshini. Mwaka wa 1954 mawakili wao waliishinda kesi ya shule katika Mahakama Kuu ya nchi. Kuanzia Disemba 1955 watu wa Montgomery waliacha kupanda mabasi kwa siku 381, hata mabasi yakafunguliwa kwa wote. Ndipo zikaja sheria mbili: ya haki za raia mwaka wa 1964, na ya kura mwaka wa 1965. Kila hatua ilimalizikia katika maandishi: amri, hukumu, au sheria.

Na jambo hili latuhusu sisi pia. Wakili wa kesi ya 1954, Thurgood Marshall, alikwenda London mwaka wa 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za raia, na ndani yake akawajali wale walio wachache.

Wanubi Wadai

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akitaka kitambulisho alikuwa akihojiwa mbele ya kamati na kudaiwa ushahidi wa asili yake, kama kwamba babu yake hakuipigania Kenya. Mwishowe Wanubi walilipeleka shauri lao mbele ya vyombo vya Afrika. Mwaka wa 2011 Kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilihukumu kuwa watoto wa Kinubi wamedhulumiwa katika uraia. Mwaka wa 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikahukumu kuwa wamedhulumiwa katika uraia na katika ardhi pia. Na Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya eka 288 kwa jina la jamii yao nzima. Katika eka 4,197, hiyo haifiki sehemu moja katika kumi na nne. Lakini ni hati.

Yatupasayo

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara ametuamrisha deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo. Sisi twaisoma aya hiyo misikitini, kisha twauziana viwanja kwa maneno, twaacha mirathi miaka 30 bila kugawanywa, na nyaraka za wakfu twaziachia mchwa ndani ya sanduku. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipoletwa pwani, ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wangapi leo wanaitwa wavamizi mahali walipozikwa babu zao!

Basi kabla ya darsa ijayo, twamwomba kila mmoja wetu afanye mambo mawili. Kwanza, atazame karatasi ya mahali alalapo: iko kwa nani, na ina jina la nani? Pili, akae na mzee wa nyumba yake, amwulize mipaka, mashahidi na makaburi, na aandike majibu pamoja na tarehe. Mzee akifa na ushahidi wake umekufa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.

Wassalaam.