Picha za Usiku Voi kwa Kamera Ndogo

Wasafiri wengi hulala Voi usiku mmoja tu, wakingoja geti la Tsavo Mashariki lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi. Maswali haya ni ya wale wasiotaka usiku huo upite bure.

Kamera yangu ni ya kawaida. Itaweza?

Itaweza, mradi shata yake ikae wazi kwa sekunde kadhaa. Tafuta herufi S au M. Ukikosa, jaribu mpangilio wa kupigia fataki. Flashi izime. Mwanga wake huishia mita chache, na mlima wa Sagalla uko mbali.

Sina tripodi.

Nunua kilo moja ya mchele, uitie kwenye mfuko wa kitambaa, uweke juu ya ukuta wa roshani na uilaze kamera hapo. Mimi naupendelea kuliko tripodi za bei rahisi, zinazotetemeka kila upepo ukivuma (na mchele baadaye utapikwa). Kisha tumia kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise kamera.

Nianze na nini?

Malori ya barabara ya Mombasa. Tafuta roshani ya ghorofani inayoitazama barabara, anza dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado na rangi ya buluu. Weka ISO 100 na sekunde 15. Katika muda huo lori la kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 300, na taa zake huchora mstari mzima: mweupe kwa linalokuja, mwekundu kwa linalokwenda. Bonyeza kabla halijaingia kwenye picha.

Na nyota?

Chagua usiku usio na mwezi. Kuanzia Juni hadi Agosti Njia ya Maziwa huwa juu kabisa, ingawa Wundanyi na vilele vya Taita hufunikwa na ukungu mara kwa mara. Tambarare ndiko bora. ISO 1600, lenzi pana, sekunde 15 hadi 20. Ukizidisha, nyota hurefuka, kwani dunia huzunguka digrii 1 kila dakika 4. Voi iko karibu na ikweta, hivyo ukielekea mashariki utaziona zikipanda karibu wima.

Je, nitoke nje ya mji kutafuta giza?

Kwa miguu, hapana. Ndovu hutoka Tsavo usiku kufuata maji na mazao. Sagalla kuna wakulima waliozungushia mashamba yao nyua za mizinga ya nyuki kwa ajili hiyo. Mpiga picha aliyeinamia kioo cha kamera gizani hamsikii ndovu akija. Ukitaka giza la mbugani, lala kwenye loji iliyo ndani ya hifadhi, maana geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, na upige ukiwa ndani ya uzio.