SOMO LA TEKNOLOJIA: Kuchagua Sehemu za Kompyuta ya Gemu Itakayostahimili Joto na Vumbi la Turkana

Kompyuta ya gemu iliyojaa taa za rangi huvutia sana inapowashwa dukani Luthuli Avenue, Nairobi. Feni zinazunguka zikibadilika kutoka buluu hadi zambarau, kioo cha ubavuni kinaonyesha kila kitu ndani, na muuzaji ana maneno matamu. Lakini mashine hiyo ikinunuliwa na kikundi cha vijana wa Lodwar au Kakuma, itasafiri zaidi ya kilomita 600, itawekwa katika chumba chenye joto la nyuzi 35 au zaidi, itavuta vumbi mchana kutwa na kutegemea umeme unaopanda na kushuka. Kilichong'aa Nairobi kinaweza kuzima Turkana kabla ya mwaka kwisha.

Hasara hiyo si ndogo. Vikundi vingi huchanga fedha za kompyuta kidogo kidogo, kutoka kwa boda boda, vibanda vya M-Pesa na mbuzi waliouzwa sokoni. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua sehemu moja baada ya nyingine ili fedha hizo zisipotee.

Kwa nini kompyuta ya gemu?

Mashine inayoendesha gemu kubwa vizuri ndiyo hiyo hiyo inayohariri video za harusi, kuchora mabango na kutengeneza katuni. Programu kama Blender, ya kuchora vitu vya pande tatu, na Godot, ya kutengenezea gemu, hutolewa bure. Kijana anayecheza jioni anaweza kufanya kazi ya malipo asubuhi kwa mashine ile ile.

Mfano upo karibu. Lual Mayen, ambaye familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka 3 hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta ndogo. Kijana huyo alitembea saa 3 kwenda mahali pa kuichaji. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza gemu ya Salaam kuhusu maisha ya mkimbizi, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani. Kwa Kakuma, ambako kambi ilianzishwa mwaka 1992 na ambako familia nyingi zimetoka Sudan Kusini, hadithi hiyo si ya mbali. Inafundisha pia kwamba umeme ni sehemu ya kompyuta kama ilivyo prosesa.

Hatua ya kwanza: kupima umeme

Wanunuzi wengi huanza na kadi ya grafiki na kumaliza na umeme. Turkana mpangilio huo ugeuzwe.

Chukua mfano wa mashine ya kiwango cha kati. Kadi ya grafiki ya GeForce RTX 4060 hutumia hadi wati 115. Prosesa ya Ryzen 5 5600 huandikwa wati 65, lakini ikifanya kazi nzito hufika karibu 88. Madabodi, ramu, diski, feni na taa zichukue takriban 50. Jumla ni kama wati 250. Pawasaplai nayo hupoteza sehemu ya umeme kama joto, na skrini huongeza wati 30 hivi. Hivyo ukutani mashine itavuta takriban wati 320. Ikichezwa saa 4 kwa siku, itakula zaidi kidogo ya uniti 1.2 za umeme.

Sasa tazama betri ya sola. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa itadumu, kwa hiyo zinabaki 600. Inveta ikipoteza asilimia 10, zinafika 540. Mashine ya wati 320 itacheza kama saa 1 na dakika 40. Kadi kubwa ya RTX 4090 peke yake hutumia hadi wati 450. Mashine iliyojengwa juu ya kadi hiyo itaimaliza betri ile ile kwa takriban dakika 40 tu. Mashine ya bei ya juu kabisa inaweza basi kuwa ndiyo isiyochezeka.

Kabla ya kuchagua sehemu yoyote, kikundi kitenge kama moja ya tano ya bajeti kwa ajili ya umeme na usafiri. Fedha hizo zinunue UPS yenye uwezo wa kusawazisha volti, kwa sababu umeme wa Kenya ni volti 240 kwa karatasi, lakini jenereta inapowashwa au kuzimwa volti hiyo huyumba. UPS ya VA 1,000 mara nyingi hubeba wati 600 tu. Mnunuzi asome wati, si VA. Fundi wa umeme naye athibitishe kwamba soketi ina waya wa athi unaofika ardhini kweli.

Pawasaplai: mahali pasipo pa kubana fedha

Pawasaplai isiyo na jina, inayokuja bure ndani ya keisi ya bei rahisi, ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Ikipasuka inaweza kuondoka na madabodi na kadi ya grafiki.

Kwa mashine ya mfano wetu, pawasaplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze inatosha. Mnunuzi asome pia lebo kuhusu joto. Baadhi hutoa wati zilizoandikwa katika nyuzi 40 tu, na nyingine hadi nyuzi 50. Hewa ndani ya keisi huwa na joto kuliko chumba, hivyo kwa Lodwar ile ya nyuzi 50 ndiyo ya kutafuta.

Prosesa, madabodi na ramu: lazima zikubaliane

Kila prosesa ina soketi yake. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye madabodi ya AM4 na kutumia ramu ya DDR4. Ryzen 5 7600 hutaka AM5 na ramu ya DDR5. Core i5-12400F ya Intel hutaka LGA 1700, ambayo madabodi zake nyingine ni za DDR4 na nyingine za DDR5. Ramu ya DDR4 haiingii katika tundu la DDR5 hata ikisukumwa. Pengo lake liko mahali tofauti. Kosa kama hilo likigunduliwa Kakuma, kurudisha bidhaa ni safari ya siku kadhaa.

Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel humaanisha haina grafiki yake yenyewe. Kadi ya grafiki ikiharibika, skrini haitaonyesha kitu hadi kadi nyingine ipatikane. Palipo na duka jirani hilo si tatizo. Mahali palipo mbali na duka, prosesa yenye grafiki yake, kama Ryzen 5 7600 au 5600G, huiwezesha kazi ndogo kuendelea.

Ramu ya GB 16 inatosha kuanzia. Vipande 2 vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba na gemu huenda kasi zaidi.

Diski: kuhesabu intaneti

Gemu moja kubwa inaweza kufika GB 100. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, kuipakua huchukua kama saa 11 mfululizo, bila kukatika. Kuifuta ili kupata nafasi na kuipakua tena baadaye ni kuchoma bando. SSD ya TB 1 ni bora kuliko ya GB 500 yenye jina kubwa.

Kupoza: sheria ya joto la chumba

Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kuondoa joto linalozidi hapo. Prosesa inayofika nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 cha Nairobi, kwa kazi ile ile na feni ile ile, itafika karibu nyuzi 85 katika chumba cha nyuzi 37 cha Lodwar. Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi yenyewe, na mchezaji huona gemu ikikwama bila kujua sababu.

Kwa hiyo kipoza kidogo kinachokuja na prosesa kibadilishwe. Kinachofaa ni kipoza kirefu cha hewa chenye feni ya milimita 120. Mnunuzi alinganishe urefu wake na nafasi ya keisi, kwani vingi hufika karibu milimita 155. Vipoza vya maji hupendeza kwa taa zake, lakini vina pampu inayoweza kufa na maji yanayopungua polepole kadiri miaka inavyopita. Kipoza cha hewa kikiharibika, kinachobadilishwa ni feni tu, na feni hupatikana hata Kitale.

Joto lote la mashine hubaki chumbani. Mashine 4 za wati 320 zikifanya kazi pamoja ni sawa na kuacha pasi ya wati 1,000 ikiwaka, na zaidi. Chumba cha mabati kisicho na madirisha mawili yanayotazamana hakifai.

Keisi na vumbi

Keisi iwe na uso wa wavu mbele, si kioo kitupu, na vichujio vinavyotoka kwa mkono bila bisibisi. Feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa: kwa mfano 3 mbele na 1 nyuma. Hapo hewa ya ndani husukuma kutoka nje kupitia nyufa, badala ya nyufa kuvuta vumbi.

Mashine isikae sakafuni. Vichujio vioshwe kila wiki 2 na kukaushwa kabisa. Vumbi la ndani lipulizwe kompyuta ikiwa imechomolewa, huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke. Kwa kuwa hewa ya Turkana ni kavu, umeme tuli hujikusanya mwilini kwa urahisi. Fundi aguse chuma cha keisi kabla ya kushika ramu au kadi.

Taa za rangi bila hasara

Taa hazili umeme mwingi, ni wati chache tu, na ukumbi wenye rangi huvuta wateja. Tatizo ni plagi. Kuna taa za volti 5, zenye pini 3, ambazo kila taa hubadili rangi peke yake. Kuna za volti 12, zenye pini 4, ambazo zote huwa na rangi moja kwa wakati. Taa ya volti 5 ikiunganishwa na volti 12 huungua papo hapo. Kabla ya kununua feni za taa, mnunuzi asome kitabu cha madabodi aone ina plagi ipi. Fedha zikipungua, taa ndizo za kuacha kwanza. Zinaweza kuongezwa hata mwaka ujao.

Kununua na kusafirisha

Baadhi ya kadi za grafiki za mitumba ni za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa mpya. Mnunuzi aombe kuiona ikikaguliwa kwa programu ya GPU-Z na kuendesha gemu kwa nusu saa kabla ya kulipa. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya huwa rahisi, lakini nyingi zina pawasaplai ya umbo lake pekee na nafasi finyu isiyopokea kadi kubwa.

Risiti yenye namba ya kila sehemu ihifadhiwe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012 inaifafanua haki hiyo. Bila risiti, kuidai ni vigumu.

Kabla ya safari, kadi ya grafiki na kipoza kirefu vichomolewe na kufungwa katika maboksi yake. Uzito wake ukitikiswa barabarani kutoka Kitale unaweza kuvunja tundu la madabodi. Kioo cha ubavuni kifungwe kwa blanketi na kisiwekwe chini ya mizigo.

Maswali ya kujipima

1. Betri mbili za volti 12, Ah 100 kila moja, zitaendesha mashine ya wati 320 kwa muda gani zikitumiwa nusu?
2. Kikundi kina prosesa ya AM4. Muuzaji anatoa ramu ya DDR5 kwa bei nafuu. Kikundi kijibu nini?
3. Gemu inakwama saa 8 mchana lakini inaenda vizuri saa 3 usiku. Ni kitu gani cha kukaguliwa kwanza?

Majibu: La kwanza, takriban saa 3 na dakika 20. La pili, kikatae, kwa kuwa ramu hiyo haitaingia. La tatu, joto la prosesa na la kadi ya grafiki, kisha vumbi kwenye vichujio.