Usikubali Keria Ichomelewe

Mdogo wangu wa Kilosa, barua yako nimeisoma, na naijibu hapa ili na wengine wenye pikapu wafaidike. Unasema umeweka keria ya chuma nyuma ya gari, mguu wake umeingia kwenye lile tundu la mraba la kuvutia tela, na juu yake unapakia mboga, mayai na madumu ya maji ya kupeleka kwenye nyumba za wageni za Mikumi. Hujafika hata kijiji cha Ulaya, keria imeshaanza kugonga. Fundi kakwambia dawa ni moja tu: ichomelewe, ishikane na gari moja kwa moja.

Kataa. Mwambie asante, kisha ondoka na gari lako.

Kuchomelea kutanyamazisha kelele kwa muda, lakini chuma kilicho pembeni ya mchomo hubadilika kwa lile joto, na mtikisiko wa kila siku huanzisha ufa hapo hapo. Ufa huo hutauona, kwa sababu vumbi na rangi vimeufunika. Halafu keria ikishakuwa sehemu ya gari, tela utalivuta na nini? Na kama tairi yako ya akiba inaning'inia chini ya bodi, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi, siku ya pancha utaishushaje na chuma kimeziba njia?

Anza kwa kujua keria inacheza wapi. Shusha mzigo wote, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Mwombe mtu ashike ncha ya keria aitikise juu na chini, kisha kulia na kushoto, nawe uchuchumae ukiangalia mdomo wa tundu. Vidole viwe mbali. Chora mstari wa chaki uvuke kutoka kwenye tundu hadi kwenye mguu wa keria, mstari huo ukikatika na kuungana utaona kwa macho yako kinachocheza. Lakini tazama pia bolti zinazoshika chuma chote kwenye chasisi. Nimeona watu wakihangaika na keria kumbe nati mbili za kwenye chasisi zimelegea siku nyingi, na kutu imejichora duara kuzizunguka.

Kwako wewe, kwa maelezo uliyonipa, nadhani shida ni mguu wenyewe. Tundu lako ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, na ndani huwa limeachwa kubwa kidogo ili chuma kiingie bila kugombana. Keria umetengenezewa mtaani kwa bomba la mraba la milimita 50. Tuseme nafasi iliyobaki ni milimita 2 na mguu umeingia sentimita 20. Basi mita moja nyuma ya hapo, ncha ya keria inapanda na kushuka kama sentimita nzima. Hiyo ni kwenye lami. Kwenye vumbi na mashimo, ile sentimita inapigwa mamia ya mara kabla hujafika.

Sasa pini. Tundu la pini la kifaa cha inchi 2 ni la milimita 16. Wengi wakipoteza pini wanachomeka bolti ya 12, au kipande cha nondo kama ulivyofanya wewe. Milimita 4 zimekwenda bure, na nondo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nunua pini yake, na klipu yake ya kuizuia isitoke.

Pini hata ikiwa nzuri haiondoi mchezo wote, kwa sababu kazi yake ni kuzuia keria isichomoke. Kinachobana ni yubolti, yaani bolti yenye umbo la U. Maduka ya vipuri mjini Morogoro yanauza yubolti za springi za kila namna, wewe tafuta yenye mgongo wa mraba inayoukumbatia mguu wa keria vizuri. Fundi akate bamba la chuma la milimita 8 na kulitoboa matundu mawili. Yubolti ipite juu ya mguu, pale unapotokeza nje, na bamba likae chini likigusa mdomo wa tundu. Ukikaza nati, mguu unavutwa chini na kubanwa kwenye ukuta wa tundu, haurukiruki tena. Weka nati mbili kwenye kila mguu wa yubolti, ya pili iifunge ya kwanza. Ukibaki mchezo wa kulia na kushoto, sukumiza ubavuni kipande cha bati la chuma la milimita 1, ncha yake ikunjwe nje ili lisizame ndani. Ukishaenda safari ya kwanza, shika spana ukaze tena, maana chuma kipya hujilaza.

Kamba za tyubu za tairi zifunge mzigo tu, usizitumie kubana keria. Mpira unavutika, kwa hiyo keria itaendelea kucheza, ila kimya kimya, nawe hutasikia.

Niguse na mzigo wenyewe. Dumu la lita 20 ni kilo 20, manne ni kilo 80, na wewe umeyapanga mwisho kabisa wa keria, mbali na gari. Yahamishie kwenye bodi, yasimame karibu na kabini. Keria ibebe vitu vyepesi, matenga ya mchicha na mengine matupu. Mayai ndugu yangu, hapana! Trei zikae ndani, kwenye kiti ikibidi. Na hakikisha mzigo haufichi taa za nyuma wala namba ya gari.

Kaka wa Malolo, nawe uliyeniandikia kuhusu tela lako la vitunguu, jibu lako ni fupi. Panga magunia mengi kidogo mbele ya ekseli, ili pua ya tela ilalie gari, kwa sababu mzigo ukizidi nyuma ndipo tela linapopiga mkia. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa hasira. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya pua. Kisha soma namba iliyogongwa kwenye kichwa cha duara cha kuvutia tela na kwenye kikombe cha tela: kichwa cha inchi 1 na 7/8 hakikai sawasawa kwenye kikombe cha milimita 50, hata kama kimeingia.

Ninasisitiza haya kwa sababu najua siku moja mtapandisha mzigo hadi Morogoro. Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, matuta yapo, malori ya Zambia yako nyuma yenu, na tembo wanavuka wanapotaka. Keria ikidondoka pale jioni, huwezi kushuka garini kwenda kuiokota, na anayekufuata anaweza kuigonga kabla hajaiona.

Basi mdogo wangu, kabla ya safari ya wiki hii ing'oe ile nondo, nunua pini ya 16, kisha niandikie uniambie ule mstari wa chaki umekuonyesha nini.